Gari Linakula Maji: Namna ya Kumtambua Fundi Anayejua Kutafuta Mvujo

Noah yangu ya zamani, ile yenye injini ya 3S iliyolala chini ya viti vya mbele, ilianza kunywa maji mwezi wa kumi na moja, Dar es Salaam ikiwaka kama jiko. Kwanza nusu lita kwa wiki, halafu lita nzima, na sakafu ninapoegesha ilikuwa kavu kabisa. Fundi wa kwanza hakuhitaji hata dakika tano. Alifungua mfuniko wa oili, akachungulia, akafuta mikono kwenye suruali: "Bosi, gasketi ya hedi hiyo. Tushushe hedi." Fundi wa pili aliniuliza maswali saba kabla hajagusa spana. Mwongozo huu umezaliwa kwenye tofauti ya wale wawili.

Wahenga walituachia methali ya ufa na ukuta, lakini wao walichukulia kwamba mwenye nyumba ameshauona ufa. Sisi wenye magari ya miaka ishirini na zaidi tabu yetu ni ufa usioonekana. Kufunga na kufungua kila kijana wa gereji anaweza. Kujua cha kufungua ndiko kunakomtenga fundi na mfungua nati, na mwenye gari anaweza kujifunza kuuona ustadi huo hata kama hajawahi kushika spana maishani mwake.

Sikiliza maswali yake kwanza

Fundi mzuri huanza na masikio. Atataka kujua unaongeza maji kiasi gani, na baada ya siku ngapi. Atauliza kama yanapungua gari likiwa safarini au likiwa limelala. Sindano ya joto imewahi kupanda? Unaweka kulanti au maji ya bomba? Zulia la mbele limewahi kulowa? Kioo cha mbele huweka ukungu unaonata ukiwasha hita? Mara ya mwisho gari lilifunguliwa lini, na lilifunguliwa nini?

Kila swali hapo lina kazi yake. Maji yanayopungua gari likiwa limelala huelekeza kwenye mpira uliochoka, kwa sababu usiku chuma na mpira hupoa na kunywea, na klipu iliyolegea huachia tone, kisha mvujo hujifunga tena injini ikipata moto. Maji yanayopungua safarini tu, hasa kwenye mlima, ni ya presha. Kuna magari yanayozunguka Dar mwezi mzima bila kudai hata kikombe, lakini yakipandishwa Kitonga kwenda Iringa na mzigo wa familia, kopo la akiba linakuwa tupu kabla ya Ilula. Zulia lililolowa na kioo chenye ukungu wa mafuta mafuta ni hita ya ndani ya dashibodi. Na jibu la "lilifunguliwa mwezi uliopita" linamwambia fundi aanzie pale mkono wa mwenzake ulipopita.

Ukiona fundi hana swali hata moja, jua jibu alikuja nalo kutoka nyumbani.

Anajua kwa nini maji hujificha

Mwulize kwa upole: "Fundi, mbona chini hakudondoki kitu?" Majibu yake yatakueleza mengi.

Mfumo wa maji wa gari ni chungu kilichofunikwa. Mfuniko wa rejeta wa Toyota nyingi umeandikwa 0.9 au 1.1, maana yake ni kilo hizo za presha kwa kila sentimita ya mraba. Ile 1.1 ni karibu nusu ya upepo unaojaza tairi la gari dogo. Presha hiyo ndiyo inayozuia maji yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 120, badala ya 100 za sufuria ya pwani, au 94 hivi za sufuria ya Nairobi. Kwa hiyo tundu dogo kama ncha ya sindano linaweza kukaa kimya injini ikiwa baridi, kwa kuwa hakuna kinachosukuma. Injini ikipata moto, maji hutoka kwa nguvu, hutua kwenye chuma chenye joto kali, na kugeuka mvuke kabla hayajafika chini. Ukifika nyumbani na kuchungulia chini ya gari, ushahidi ulishapaa zamani.

Mahali pengine pa kujificha ni ndani. Maji huingia kwenye silinda na kutoka na moshi. Huingia kwenye oili. Kwenye gari la otomatiki ambalo oili ya gia boksi hupozwa ndani ya tangi la chini la rejeta, ukuta ukitoboka maji na oili hiyo huchanganyika, na hapo unauguza vitu viwili kwa mpigo. Na kuna gari za abiria zilizokuja kutoka Japani zikiwa na hita ya nyuma: mabomba yake ya chuma hupita chini ya sakafu, na kama gari liliishi mikoa ya theluji ambako barabara humwagwa chumvi, kutu ilianza kazi kabla gari halijapanda meli. Sisi hatuwashi hita hiyo mwaka mzima, lakini maji yake yanazunguka kila siku.

Fundi anayejua haya hatafuti dimbwi. Anatafuta ukoko: alama nyeupe, ya kijani au ya waridi iliyokauka kando ya klipu, kwenye ukingo wa tangi la plastiki la rejeta pale lilipobanwa na alumini, au chini ya wota pampu. Maji yameondoka, yakaacha chumvi zake. Atajua pia kutofautisha maji ya AC, yale matone safi yasiyo na harufu ambayo kwenye jua na unyevu wa Dar huweza kujaza kikombe, na kulanti ambayo ina rangi, harufu tamu, na hunata vidoleni. Anainusa, haionji. Utamu ule ni sumu, na ndiyo maana fundi mwenye adabu haachi beseni la kulanti wazi gereji ambako watoto, kuku na mbwa wanapita.

Anaanza na cha bei ndogo

Hapa ndipo tabia ya fundi huonekana waziwazi. Utafutaji wenye nidhamu hutoka kwenye kitu rahisi kwenda kwenye kitu ghali, na kila hatua hufungwa kwa ushahidi kabla ya kwenda nyingine.

Mfuniko wa rejeta ni wa kwanza. Mpira wake ukiwa umepasuka au springi imechoka, presha haikai, maji huchemka mapema na kusukumwa kwenye kopo la akiba mpaka yamwagike. Nimeona watu wakitaka kununua rejeta nzima kwa kosa la mfuniko. Mtazame fundi: akiufungua injini ikiwa ya moto, ondoka, maana anayejichoma uso mwenyewe hatakuhurumia wewe. Akiusubiri upoe, akaufuta, akabonyeza mpira kwa kidole gumba na kusoma namba yake, uko pazuri.

Baada ya hapo ni mipira ya maji na klipu. Mpira mzima hubonyea na kurudi. Uliokufa hulia kama karatasi, au huwa laini na kuvimba karibu na klipu kwa sababu ya oili. Asisahau ile midogo: mpira wa kwenda kwenye throto, na miwili ya hita inayoingia ukutani nyuma ya injini ambako mkono haufiki vizuri. Mvujo hupenda mahali ambapo mkono haupendi kwenda.

Kisha rejeta, kisha hita, kisha wota pampu, kisha zile plagi za bati zilizopachikwa ubavuni mwa bloku. Hizi plagi huliwa na kutu kutokea ndani, hasa gari lililonyweshwa maji ya kisima chenye chumvi kwa miaka, na mojawapo inaweza kuwa imejificha kati ya injini na gia boksi. Gasketi ya silinda hedi inakaa mwisho wa orodha. Haikai hapo kwa sababu ni nadra kufa. Inakaa hapo kwa sababu kuifuata ni kubomoa nyumba, na nyumba haibomolewi kwa tetesi.

Asubuhi moja na pampu ya presha

Yule fundi wa pili ni mzee, anafanya kazi chini ya mwembe. Nilipomwamkia na kumweleza, aliniuliza maswali yake, kisha akasema, "Liache hapa. Usiliwashe mpaka kesho. Nalitaka likiwa limelala."

Saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta ameinua kiti cha mbele na amelaza vipande vya boksi safi chini ya injini. Aliijaza rejeta maji mpaka shingoni, akafunga pampu ya kupimia, mfano wa pampu ya baiskeli yenye saa ya presha kichwani. Alisoma mfuniko wangu: 1.1. Akapampu mpaka sindano ikafika hapo, akaacha. Hakuzidisha. Aliniambia ukizidisha utatoboa kilichokuwa kizima, halafu utasema umekipata.

"Tunywe chai," akasema.

Nilidhani ni utani, kumbe chai ilikuwa sehemu ya kipimo. Robo saa ilipoisha, sindano ilikuwa imeshuka chini ya 1.0. Hakuna tone. Boksi kavu. Fundi wa haraka angeshaita gasketi hapo. Mzee akasema tu, "Linapumua," akapampu tena na kuchukua tochi pamoja na kioo kidogo cha kunyolea alichokifunga kwenye waya. Akapita mpira kwa mpira, akifuta kwa kitambaa cheupe na kukitazama. Alipofika mbele ya injini, ukingo wa chini wa kava ya taimingi belti, kitambaa kilirudi na unyevu wa rangi hafifu ya waridi.

Aliusugua kati ya vidole viwili, kisha akaninyooshea mkono. "Shika. Oili inateleza na inabaki. Hii inanata kama soda iliyomwagika."

Kwenye injini ya 3S wota pampu huzungushwa na taimingi belti, kwa hiyo imejificha nyuma ya kava. Sili yake ikichoka, maji hutoka kwenye tundu dogo lililowekwa makusudi chini ya shafti ili kutoa taarifa. Lakini ndani ya kava belti huyatawanya, joto huyakausha, na mwenye gari haoni kitu. Mzee alipofungua kava ya juu na kuingiza kioo, tuliuona mchirizi wa waridi uliokauka, mwembamba kama wa machozi, ukitoka kwenye lile tundu. Hapo ndipo alipotaja kifaa cha kununua kwa mara ya kwanza.

Hicho ndicho kipimo changu cha juu kwa kazi hii. Mvujo uonekane kwa macho yako, au ushikwe kwa vidole vyako, kabla hujatumwa dukani. Pampu ya presha ni njia moja. Wengine hutia rangi maalumu kwenye maji, wakaendesha siku mbili, kisha wakamulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau mpaka njia ya mvujo ing'ae. Fundi rejeta naye huiziba rejeta iliyoshushwa, akaijaza upepo na kuizamisha kwenye pipa la maji, mapovu yakasema yenyewe. Vifaa vinatofautiana, sharti ni lile lile.

Gasketi ishitakiwe kwa ushahidi

Kuna siku itakuwa kweli ni gasketi. Fundi bora ataijua, lakini ataleta mashahidi zaidi ya mmoja.

Utando wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili, ule uliomtosha fundi wangu wa kwanza, peke yake hautoshi. Gari linalotembea safari fupi fupi, nyumbani hadi sokoni, hukusanya unyevu pale juu bila gasketi kuwa na kosa. Shahidi mzito zaidi ni kijiti cha kupimia oili. Kama oili ya chini nayo imekuwa kama chai ya maziwa, injini isiwashwe tena.

Atafungua plagi za cheche na kuzipanga kwa mpangilio wa silinda. Silinda inayokunywa maji plagi yake mara nyingi hutoka safi kupita wenzake, kana kwamba imeoshwa. Atatazama moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikishapata moto, kwa kuwa mvuke wa asubuhi wa dakika chache si kosa. Ataangalia mapovu yanayotoka mfululizo shingoni mwa rejeta injini ikinguruma, na mipira inayokuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi. Akiwa na ile chupa yenye dawa ya bluu, ataiweka shingoni. Dawa ikigeuka njano kwenye injini ya petroli, gesi ya mwako imeingia kwenye maji, na kesi imekwisha.

Hata hedi ikishushwa, ubora una hatua moja zaidi. Fundi wa kweli hataweka gasketi mpya juu ya hedi asiyoipima. Ataisafisha, ataweka rula ya chuma iliyonyooka, apitishe fila geji chini yake kona kwa kona. Injini nyingi ndogo za Toyota haziruhusu upindaji unaozidi 0.05 mm, wembamba ambao jicho haliwezi kuuamua. Atakayekuambia "nimeitazama iko sawa" anakuomba umlipe tena baada ya miezi mitatu.

Alama za fundi wa kubahatisha

Ya kwanza ni kung'oa themostati. "Nchi yetu ya joto, hiki kidude ni cha Wazungu." Si kweli. Themostati huifikisha injini kwenye joto lake la kazi. Tena vitabu vya matengenezo vya Toyota vinaonya kwamba kwenye injini ambazo themostati yake ina vali ya kufunga njia ya mkato, ukiitoa njia hiyo hubaki wazi, na maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita rejeta. Umeondoa kinga ukidhani umeondoa ugonjwa.

Ya pili ni kuunganisha feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. Inaficha dalili, haizibi tundu. Ya tatu ni ile dawa ya kuziba inayomiminwa kwenye rejeta. Inaweza kukufikisha Morogoro ukiwa umekwama Chalinze, na kwa dharura hiyo mimi siikatai. Ikitumiwa kama tiba, huziba pia vijinjia vyembamba vya rejeta na hita ambavyo havikuwa na kosa. Ya nne ni silikoni iliyopakwa mpaka ikafura nje ya kiungo. Kama imefura nje, imefura na ndani, na kipande chake kitakatika kiende na maji.

Ya tano ni ya lugha. Msikilize akisema "tujaribu". Tujaribu kubadilisha hiki, kisipokuwa chenyewe tutajaribu kile. Kila "tujaribu" inalipwa na wewe.

Kazi haijaisha mvujo ulipoonekana

Mzee hakufunga wota pampu peke yake. Kwa kuwa kava ilishafunguliwa, alidai taimingi belti mpya na ukaguzi wa rola zake, maana belti iliyolowa kulanti haiaminiki, na kufungua mara mbili ni kulipa ufundi mara mbili. Pampu ya mtumba aliikataa: sili yake imechoka kama ile inayotoka. Mpya aliizungusha kwa mkono, akasikiliza beringi, akatazama uso wa kukaa gasketi kama una mikwaruzo.

Alipomaliza alijaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, akaacha injini ingurume hita ikiwa wazi mpaka upepo wote utoke na mpira wa chini upate moto. Kisha akasubiri ipoe, akarudisha ile pampu ya presha. Mimi nilikuwa na haraka ya kuondoka.

"Ngoja, mwanangu. Mvujo mkubwa huficha mdogo."

Sindano ilishuka tena, safari hii kidogo sana. Chini ya mpira wa hita, ukutani, klipu ya bisibisi iliyofungwa na mtu miaka iliyopita ilikuwa imeula mpira. Akakata kipande kilicholiwa, akarudisha klipu ya springi, ile ya asili ambayo huendelea kubana mpira unaponywea. Akapampu. Tukanywa chai ya pili. Sindano haikusogea.

Aliniwekea pampu ya zamani kwenye mfuko, akanionyesha lile tundu na ukoko wake, akaniambia nirudi baada ya siku tatu gari likiwa baridi. Nilirudi. Maji yalikuwa kwenye mstari ule ule alioutia alama kwa kalamu kwenye kopo la akiba.

Nawe tia alama kwenye kopo lako kesho asubuhi kabla ya kuwasha, uitazame kila Jumapili. Maji yakishuka, mpelekee fundi tarehe na kiasi, usimpelekee jina la ugonjwa. Akikutajia kifaa cha kununua, mwombe jambo moja tu: "Fundi, nionyeshe." Anayeweza, mpe kazi na umlipe bila kumkalia bei. Asiyeweza, mshukuru kwa muda wake, funga boneti, uondoke.